Nataka kupandisha bedsita juu ya SQ, esteti wamekataa

SWALI

Ami, assalam aleikum. Natumai u mzima wewe na wa nyumbani kwako. Mie ni mama wa watoto watatu, twakaa Nyali kwenye esteti ya mezoneti 14, geti moja, askari wa mchana na wa usiku. Nyumba tulinunua mimi na mume wangu kwa mkopo wa benki, majina yote mawili yamo na mkopo bado twalipa. Mume yuko Doha kikazi, huja mara moja kwa mwaka.

Sasa nyuma ya nyumba tuna ua mdogo na SQ, kile chumba cha mfanyakazi, kimoja na choo chake, juu yake ni slebu tupu twaanikia nguo. Tangu dada wa kazi aanze kulala kwao hiyo SQ imekaa bure yajaa maboksi. Nikapiga hesabu nikaona mbona nisipandishe bedsita juu ya hiyo slebu, ngazi ipite kwenye ule ujia wa pembeni kati ya nyumba na ukuta, na hii ya chini niipake rangi niweke taili, zote mbili nipangishe. Bedsita huku kwetu 18,000 hukosi na ya chini hata 12,000, hizo ni 30,000 kila mwezi na wewe wajua karo za skuli zilivyo.

Fundi akaja, akapima kwa hatua za miguu, akaniambia kwa 900,000 atanikabidhi mpaka taili. Nikampa 120,000 aanze kununua vitu. Akamwaga mchanga na bloku pale pakingi ya wageni. Wallahi haikupita siku mbili mwenyekiti wa kamati huyo barazani kwangu na lisi mkononi, ule mkataba wa nyumba, ansomea mbele ya watoto, ati hairuhusiwi kuongeza chochote bila idhini ya maandishi ya kampuni ya esteti, ati kila nyumba ni makazi ya familia moja, ati mchanga uondoke. Nikamwambia bwana nyumba hii nimenunua, sijapanga. Akanjibu, "Nyumba ni yako mama, esteti si yako."

Jirani wa nyuma naye akaja na yake. Ati dirisha la bedsita litachungulia uani kwake, na yeye na binti zake hukaa pale vichwa wazi, wasukana, wafua, hataki mwanamme asiyemjua awe juu ya vichwa vyao. Hapo nilinyamaza, nikaona ana haki. Lakini hakuishia hapo, akaingia mambo ya choo, ati shimo la esteti lajaa kila mara na sisi ndo tutalifurisha.

Kinachoniuma zaidi ni namba 9. Pale ni Airbnb, kila wikendi wageni wapya, magari mawili matatu, muziki, na hakuna aliyemsomea lisi. Fundi aniambia nisiwasikize, ati kaunti haiingii ndani ya geti, tujenge haraka haraka, ikishasimama nani ataibomoa? Mume asema nifanye ninavyoona mie. Nimechanganyikiwa Ami. Nina haki ya kujenga kwangu au sina? Na nikiwaambia mpangaji ni binamu yangu, itasaidia?

Mama Watatu, Nyali

JAWABU

Waaleikum salaam binti yangu. Kwanza simamisha kazi, leo hii, na huo mchanga utoe pakingi ya wageni hata kama ni kuuingiza uani kwako kwa karai. Mwenyekiti amekosa adabu kukusomea lisi mbele ya watoto, mambo hayo huandikwa barua au mtu akaitwa pembeni, na mngekuwa na kamati yenye watu wazima wangemwambia. Lakini alichosoma ndicho mlichosaini wewe na mumeo, na hapo hakuna ujanja.

Nikujibu lile swali lako kama lilivyo. Ulipolipia hiyo nyumba ulinunua vitu viwili kwa mpigo. Kimoja ni chako peke yako, yaani ndani ya kuta zako na ule ua ikiwa ramani yasema hivyo. Cha pili mko watu 14 ndani yake: geti, barabara, pakingi ya wageni, tanki la maji, kisima kama mnacho, na hilo shimo. Hiki cha pili hakuna mmoja wenu anayeweza kukitumia zaidi ya wengine bila kuwauliza, na bedsita yako yakitumia. Haijalishi umeijenga kwa pesa za nani.

Sasa toa hati zako kabatini, au kama ziko benki waombe kopi. Nataka uangalie mambo matatu tu. La kwanza ni aina ya hati. Esteti nyingi za Mombasa zilijengwa kwa mtindo wa zamani, kila mtu ana lisi ndefu na hisa moja kwenye kampuni ya esteti, na kampuni ndiyo inayoshika mali ya pamoja. Kisha ikaja Sheria ya Sectional Properties ya 2020, ilianza kutumika Desemba 28 mwaka huohuo, nayo ikataka hizi lisi ndefu zibadilishwe ndani ya miaka miwili kila nyumba ipate hati yake na wenye nyumba wote wawe shirika moja lenye sheria zake ndogo. Huo muda ulishapita na esteti kibao bado hazijafanya. Kwa hivyo yawezekana nyinyi mko kwenye lisi, na kwa ulivyonieleza karatasi aliyokuja nayo mwenyekiti, nadhani mko huko. Kama mshabadilisha basi utakuwa na hati ya yuniti, na kule sheria yasema kila kisichochorwa ndani ya yuniti ya mtu ni cha wote, kwa hivyo waweza kukuta SQ ni yako na juu ya slebu yake si yako. Usicheke, yatokea.

La pili ni ile ramani iliyobanwa nyuma ya lisi, yenye mstari uliozungushwa kuonyesha mpaka wako. Angalia ule ujia unaotaka kupitisha ngazi, uko ndani ya mstari au nje? Watu wengi huona ujia uko pembeni ya nyumba yao wakadhani ni wao, kumbe ndimo lipitamo bomba la maji machafu la nyumba nne na ndio njia ya kuliendea likiziba. Ukiweka ngazi ya zege juu ya chemba siku imefurika utafanyaje, utaivunja?

La tatu, na hili ndilo lenye uzito, ni maneno ya masharti. Yatafute mawili. Moja hukataza kubadilisha au kuongeza jengo bila idhini ya maandishi, hilo laweza kupita ukiomba vizuri. Lingine ni hilo la makazi ya familia moja. Hili ni gumu zaidi kwa sababu kupangisha nyumba nzima kwa familia nyingine hakulivunji, lakini kuikata nyumba vipande vitatu, wewe mbele, mpangaji mmoja chini nyuma na mwingine juu yake, hapo wakili yeyote atasema ushalivunja, hata kama hujaongeza bloku moja. Ndo maana nakwambia hata ile SQ ya chini usiiweke mtu wa kulipa kabla ya kuwaandikia.

Binamu? Mwanangu, binamu halipi kodi kwa M-Pesa kila mwanzo wa mwezi na hawekewi tokeni zake za stima mbali. Askari wa geti atajua wiki ya kwanza na esteti nzima itajua ya pili. Usianze urongo utakaobidi uufunze mpaka watoto.

Tuje kwenye shimo maana naona umelipita haraka, na mie naona jirani yako amesema neno la maana kuliko yote hata kama alilisema kwa hasira. Sehemu kubwa ya Nyali haina bomba la maji taka la mji, ni septiki na shimo la kunyonya. Septiki yafanya kazi kwa utulivu. Uchafu mzito wakaa chini, mafuta na povu juu, na yale maji ya katikati ndiyo yatokayo kwenda shimo la pili kuzama ardhini. Hupimwa kulingana na watu watakaokaa. Ukiongeza watu wanne, wawili kila chumba, wanaoga na kufua kila siku, maji yaingia kwa kasi hayapati muda wa kutulia, na ule uchafu mzito wasukumwa mpaka shimo la pili unaziba matundu. Hapo ndo mwaanza kuliita gari la kunyonya mara kwa mara na kila likija mwachangishana. Na chini yetu hapa ni jiwe la matumbawe, lina matobo kama sponji, maji machafu hayachujwi yakachujika, yapita tu. Kama esteti ina kisima na maji yake mwaogea, hebu fikiria mwenyewe yanaenda wapi. Kwa hivyo usimjibu huyo mama kwa maneno. Muulize fundi wa mabomba au injinia hilo shimo lilijengwa la watu wangapi, alipime, akuandikie karatasi. Ikiwa lina nafasi, umeshinda nusu ya vita. Ikiwa halina, wewe ndiye utakayebeba gharama ya kulipanua au uiache hiyo fikra.

Halafu fundi wako. Fundi anayepima kwa hatua za miguu akakupa bei ya 900,000 siku hiyohiyo mie simwamini hata kwa banda la kuku. SQ hujengwa ikabeba slebu yake na kamba za nguo basi. Msingi wake, nguzo zake, unene wa nondo, hakuna aliyefikiria ghorofa. Na Nyali yapigwa na upepo wa chumvi, nenda kaangalie chini ya slebu yenu kwenye kingo, ukiona simiti yabanduka vipande na nondo zachungulia zimefanya kutu, hiyo slebu haitaki bedsita, yataka matibabu. Lazima injinia wa majengo aliyesajiliwa aione, na ramani ichorwe na msanifu aliyesajiliwa. Kaunti itakutaka hivyo viwili vyote.

Ndio, kaunti. Hilo la kaunti haiingii ndani ya geti ni maneno ya mtu atakayekuwa amelipwa ameondoka. Sheria ya mipango ya ardhi, ile Physical and Land Use Planning Act ya 2019, yasema ukianza kujenga bila kibali cha kaunti ni kosa, faini mpaka shilingi 500,000 au kifungo cha mpaka miezi miwili, au vyote. Na waweza kuamriwa ubomoe urudishe kama palivyokuwa, kwa gharama yako. Wala kaunti haihitaji kupiga doria ndani ya esteti, yatosha mtu mmoja aliyekasirika kupeleka barua, na wewe tayari una wawili. Ukiomba kibali sheria yataka watu waarifiwe, yaani jirani yako wa nyuma atapata nafasi ya kupinga kwa njia rasmi. Sasa bora apinge sebuleni kwako mkinywa chai au apinge kwa maandishi kule ofisini?

Kwa hivyo mwendee. Wewe mwenyewe, si fundi, si mwenyekiti, na usiende na mume kwenye simu. Mwambie umemsikia kuhusu ua wake. Halafu mwonyeshe mchoro ambao dirisha la upande wake halipo kabisa, ukuta mtupu, hewa na mwanga vyaingia upande wa kwako, na la choo liwe juu karibu na dari. Na juu ya ngazi pale mtu asimamapo kufungua mlango, weka ukuta wa kumpita mtu mrefu au vile vitobo vya urembo tuvionavyo kwenye nyumba za zamani, upepo wapita na jicho halipiti. Mji huu ushajua kujenga kwa kusitiriana tangu zamani, madirisha ya Mji wa Kale hayakuwekwa ovyo. Mama mwenye binti akiona umelifikiria hilo kabla hajaomba mara ya pili, nusu ya hasira itamtoka, na huenda hata la shimo akalisema kwa sauti ya chini.

Baada yake ndo barua kwa kamati. Iwe fupi. Eleza unachotaka, ambatanisha mchoro, karatasi ya injinia, karatasi ya shimo, na useme mwenyewe kabla hawajasema: mpangaji hatakuwa na gari, au akiwa nalo ataegesha kwako, utalipa sevisi chaji ya kuzidi kulingana na watu walioongezeka, mafundi watafanya kazi mchana tu, kitakachovunjika barabarani utarekebisha. Omba iwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa wenye nyumba, mpigiwe kura, iandikwe kwenye miniti na isainiwe, kisha kampuni ikupe idhini kwa barua. Mwenyekiti akikwambia "sawa mama endelea tu" usiendelee. Na dole gumba kwenye grupu la WhatsApp si idhini, hata wakikuwekea yote kumi na matatu.

Kuhusu namba 9 naelewa kinavyokukera, na una haki kabisa kuuliza kwenye mkutano kwa nini lisi yasomwa mlango mmoja. Uliza hivyo tu: twataka sheria moja ya wageni na wapangaji kwa nyumba zote, iandikwe. Usimtaje. Mkutano wenyewe utamtaja. Lakini usije ukajenga hoja yako yote juu yake, kwa sababu kosa lake halikupi wewe kibali, na yeye amejaza wageni, hajamwaga zege. Wageni wanaweza kuzuiliwa Jumamosi ijayo, ghorofa haizuiliki hivyo.

Na kuna mtu ambaye hamjamfikiria kabisa katika haya, naye ni benki. Hati yenu wao ndio wameishika. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, nyumba iliyowekwa rehani huwezi kuipangisha, hata sehemu yake, kwa zaidi ya mwaka mmoja bila benki kukubali kwa maandishi, na mikataba ya benki yenyewe mara nyingi yakataza pia kubadilisha jengo bila kuwaambia. Waandikie. Uliza pia na bima ya nyumba, maana siku bedsita isiyojulikana ikashika moto usije ukaambiwa hiyo haikuwemo. Mumeo naye hiyo "fanya unavyoona" haitoshi, jina lake limo, saini yake itatakiwa kwa benki, kwa kaunti na kwa kampuni. Akiwa Doha yuko ubalozi wa Kenya pale pale, akafanye hati ya kukupa wewe uwezo wa kumwakilisha umalize mambo bila kumngoja likizo.

Sasa hesabu, na hapa nitasema ninavyoona mie. Bedsita ya 900,000 kwa kodi ya 18,000 yahitaji miezi 50 ndio ijilipe, na hapo sijaweka msanifu, injinia, kibali, shimo, wala mwezi ambao mpangaji kahama. Juu ya hapo kuna KRA, watu wa kodi ya serikali. Vyumba vyote viwili ni 360,000 kwa mwaka, umepita kiwango cha 288,000, kwa hivyo wadaiwa kodi ya mapato ya nyumba, asilimia 7.5 ya pesa yote uliyopokea kwa wapangaji, bila kutoa gharama yoyote. Ilikuwa 10 mpaka walipoipunguza Januari 2024. Kwako ni 2,250 kila mwezi, yalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Lakini ukiwa na SQ ya chini peke yake kwa 12,000, hiyo ni 144,000 kwa mwaka, hufiki kiwango hicho, utaitaja kwenye ritani zako za mwaka.

Ndio maana mie ningeachana na ghorofa kwa sasa nikatengeneza ile ya chini. Hakuna dirisha la kuchungulia, hakuna ngazi ujiani, hakuna kupakia uzito kwenye slebu, na shimo laongezewa mtu mmoja au wawili. Bado utahitaji idhini ya kamati kwa ajili ya lile sharti la familia moja, lakini unawaomba kitu kidogo, na ni vigumu mkutano wenye namba 9 ndani yake kukunyima hicho. Muweke mtu mmoja mwenye kazi yake, mwanamke akipatikana ndio bora kwa huyo jirani, andikianeni mkataba wa mwaka mmoja, weka mita ndogo ya stima ili msigombane kwa tokeni. Ukiishi nao mwaka bila malalamiko, siku utakapopeleka mchoro wa ghorofa utakuwa na la kuonyesha.

Zile 120,000, mwite fundi akuletee risiti za mchanga na bloku, mkae mhesabu kilichobaki mkononi mwake. Vifaa chukua vyote, mchanga na simiti vitatumika kwenye SQ na bloku zinaweza kuuzwa, hata mwenyekiti huenda anajenga kwao Kilifi. Pesa taslimu iliyobaki aidha airudishe au akuandikie kwamba ni malipo ya kazi ya ile ya chini, na kazi hiyo muorodheshe kabla hajaanza: taili, rangi, mlango, kubandua na kuziba kingo za slebu. Akikataa kuandika, usimuongeze hata mia.